Linux Haili Betri: Wati Zinakopotelea na Namna ya Kuzikamata

Tangu Windows 10 ilipofikia mwisho wa usaidizi wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, laptopu nyingi za mtumba zimehamishiwa mfumo endeshi wa Linux. Sababu inaeleweka. Windows 11 kwa ujumla inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, na zile za kizazi cha 6 na 7 ambazo bado zimejaa madukani Kariakoo na katikati ya jiji la Nairobi zimeachwa nje ya mlango. Mwenye laptopu anaweka Ubuntu au Mint, ambayo ni matoleo ya Linux, anafurahia wepesi wake siku mbili tatu, kisha malalamiko yanaanza: feni inavuma kama mashine ya kusaga, mapaja yanaungua, na chaji iliyokuwa ikifika masaa manne sasa haimalizi mawili. Hukumu inatoka papo hapo kwamba Linux inakula betri.

Hukumu hiyo imeruka hatua. Simu ya Android iliyo mfukoni mwa huyo anayelalamika inaendeshwa na kerneli, yaani kiini, ya Linux, na inashinda kutwa nzima bila kuchomekwa. Kwa hiyo kubana matumizi Linux inajua. Kinachotokea kwenye laptopu ni kwamba kuna kifaa au programu moja iliyokataa kulala, au betri ilishachoka tangu enzi ya Windows na hakuna aliyewahi kuipima. Mara nyingi ni vyote viwili.

Wati na wati-saa

Haya maneno mawili yakichanganywa, kila kinachofuata kinachanganyika. Wati-saa ni akiba, yaani kiasi cha umeme kilichomo ndani ya betri. Wati ni kasi ya kuitumia akiba hiyo. Maji yaliyomo kwenye simtank juu ya paa ni wati-saa. Ukubwa wa mkondo unaotoka bombani ni wati. Anayenunua umeme wa LUKU au wa tokeni anaijua akiba hii kwa jina jingine: uniti moja ni wati-saa 1,000. Betri ya laptopu ya kawaida ina wati-saa 50 hivi, sehemu ya ishirini ya uniti moja. Ni tangi dogo, ndiyo maana bomba likivuja kidogo tu unaliona pengo.

Hesabu yake ni ya kugawanya. Laptopu ikivuta wati 5, wati-saa 50 zinafika masaa kumi. Ikivuta wati 12, masaa manne na dakika kumi. Ikivuta 20, masaa mawili na nusu. Kwa macho huoni tofauti kati ya wati 5 na wati 12, kwa sababu skrini ni ileile na ukurasa uliofunguka ni uleule. Kwa mapaja utaisikia, maana karibu kila wati inayotoka kwenye betri inaishia kuwa joto. Kwa hiyo anayepambana na joto na anayepambana na chaji wanapambana na adui mmoja.

Pima kabla hujasakinisha chochote

Kosa la kwanza la wengi ni kutafuta programu ya kuokoa betri. Programu hizo zipo, tutazifikia, lakini ukiweka dawa kabla ya kupima hutajua kama imefanya kazi. Chomoa chaja, shusha mwanga wa skrini hadi nusu, funga programu zote, acha mashine itulie dakika tano. Kisha fungua dirisha la amri uandike:

`upower -d`

Mistari mitatu inatosha. *energy-rate* ni wati zinazovutwa sasa hivi. *energy-full-design* ni ukubwa wa betri ilipotoka kiwandani. *energy-full* ni ukubwa wake wa leo.

Chukua mfano wa ThinkPad T470, mashine ya mwaka 2017 inayopatikana sana kwenye mitumba. Ina betri mbili, moja ya ndani ya wati-saa 24 na moja ya nje inayochomoka. Tuseme ya ndani inasoma 24 kiwandani na 14.4 leo. Imebaki asilimia 60. Zile wati-saa 9.6 zilizopotea hakuna mfumo endeshi utakaozirudisha, na Windows nayo ingelia vilevile kama ingeendelea kuwepo. Angalizo kwa wenye mashine za namna hii: betri ya nje hutumika kwanza, na wakati huo ya ndani husoma wati sifuri. Ukisoma betri moja tu utadhani umegundua muujiza.

Sasa rudi kwenye wati. Laptopu ya inchi 14 yenye prosesa ya daraja la wati 15, ikiwa imetulia, ikivuta wati 4 hadi 7 iko salama. Nane au tisa inavumilika. Ikivuta zaidi ya 10 na haifanyi chochote, kuna kitu kiko macho.

Kukitafuta, anza na amri ya `top`, uangalie juu ya orodha nani anatumia asilimia kubwa ya prosesa. Siku ya kwanza au mbili baada ya kusakinisha, usishangae kukuta *tracker-miner*, *localsearch* au *baloo_file*. Hao ni makarani wanaopitia mafaili yako yote ili utafutaji uwe mwepesi baadaye. Waache kwenye chaja wamalize. Malalamiko mengi ya “nimeweka Linux jana, inachemka” ni makarani hawa, na yanajifia yenyewe.

Prosesa huokoa umeme kwa kulala

Hapa ndipo dhana potofu ilipojikita zaidi. Watu hudhani prosesa ikienda polepole inaokoa betri. Fikiria jiko la gesi: anayepika maharage kwa moto wa kutosha kisha akazima anatumia gesi kidogo kuliko anayeacha moto mdogo ukiwaka tangu asubuhi. Prosesa za leo ni hivyo hivyo. Zinakimbia, zinamaliza kazi, zinalala, na usingizi wenyewe una ngazi. Ngazi za juu ni kusinzia tu, ila za chini kabisa huzima karibu kila kitu ndani ya chipu.

Programu ya `powertop`, iliyoandikwa na Intel, inaonyesha ngazi hizo. Iendeshe kwa `sudo powertop`, nenda kwenye ukurasa wa pili, uangalie safu ya kushoto iliyoandikwa Package. Mashine iliyotulia ikitumia muda mwingi kwenye C8 na kuendelea, usingizi ni mzito. Ikiwa imeganda kwenye C2 au C3, kuna kifaa kinachoizuia isishuke: mara nyingi ni diski ya SSD, kadi ya mtandao, au kifaa kilichochomekwa kwenye USB. Chomoa kimoja kimoja, subiri, soma tena. Kile kipokezi kidogo cha mausi isiyo na waya hukamatwa hapa mara nyingi kuliko watu wanavyotarajia.

Kuna pia neno *powersave*, jina la hali ya kasi ya prosesa, linalowachanganya hata mafundi. Kwenye Intel za kizazi cha 6 kwenda mbele, Linux ikikuandikia kwamba prosesa iko kwenye powersave, haijafungwa kamba; inapanda na kushuka kulingana na kazi, na ndiyo hali inayofaa kubaki nayo. Kwenye kizazi cha 4 na cha 5, neno hilohilo kwa kawaida lina maana tofauti kabisa: prosesa inabanwa kwenye kasi ya chini kabisa na haipandi. Ndiyo sababu ushauri uliomsaidia jirani unaweza kuigeuza mashine yako konokono. Angalia draiva (programu inayoendesha kifaa) iliyopo kabla ya kubadili:

`cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_driver`

Jibu likiwa *intel_pstate*, powersave ni salama. Likiwa *intel_cpufreq* au *acpi-cpufreq*, iache *schedutil*, hali inayopandisha na kushusha kasi kulingana na kazi, ifanye kazi yake.

Video ndiyo mlaji mkubwa

Ukipima ukakuta mashine ikitulia inavuta wati 6, lakini ukifungua YouTube inaruka hadi 17 na feni inapiga kelele, tatizo si prosesa wala betri. Ni nani anayefungua video.

Video husafirishwa ikiwa imebanwa, na lazima ifunguliwe kabla ya kuonekana. Ndani ya chipu kuna kipande maalumu kwa kazi hiyo, chepesi na kisichotumia umeme mwingi. Kivinjari kikishindwa kukifikia, prosesa yenyewe inafungua kila picha kwa nguvu. Kwenye Windows mtengenezaji wa mashine alishapanga hayo kabla hujainunua. Kwenye Linux wakati mwingine unayapanga mwenyewe.

Sakinisha kwanza draiva. Kwa Ubuntu na ndugu zake, Intel ya kizazi cha 5 na kuendelea:

`sudo apt install vainfo intel-media-va-driver`

Za nyuma ya hapo zinatumia `i965-va-driver`. Kisha andika `vainfo`. Orodha ya majina yenye H264, VP9 na mengineyo ndiyo aina za video ambazo chipu yako inaweza kufungua. Tumia Firefox ikiwa una Intel. Tangu toleo la 115 imewasha uwezo huu yenyewe kwenye Linux. Watumiaji wa Fedora, toleo jingine la Linux, wajue kwamba sehemu ya draiva hizi huondolewa kwa sababu za hataza, na huongezwa kutoka RPM Fusion, hazina ya programu za ziada.

Lakini draiva ikiwepo bado kuna mtego. YouTube hupenda kutuma video za aina ya VP9 au AV1. Kizazi cha 7 kinaifungua VP9 vizuri, kizazi cha 6 hakiwezi kikamilifu, na AV1 imeanza kufunguliwa na chipu za Intel katika kizazi cha 11. Mwenye kizazi cha 6 basi, hata akifuata kila hatua, prosesa yake itaendelea kuchemka kwa sababu anatumiwa kitu ambacho chipu haikifahamu. Dawa yake ni kiongezi cha kivinjari kiitwacho enhanced-h264ify, kinacholazimisha YouTube itume H264. Utapoteza ubora wa juu kabisa wa picha, ambao skrini ya inchi 14 haikuonyeshi hata hivyo. Kwa laptopu nyingi za mtumba, hatua hii peke yake inaleta nafuu kuliko programu zote za kuokoa betri zikiunganishwa.

Wenye mashine za NVIDIA wana mlaji mwingine. Kadi hiyo ya ziada ya michoro ikibaki macho inavuta wati kadhaa bila kazi. Kwenye Ubuntu yenye draiva ya NVIDIA, `sudo prime-select intel` kisha kuwasha upya inaizima, na `on-demand` inairuhusu iamke inapohitajika. Jambo la kuchekesha ni kwamba kuiangalia kila mara kwa `nvidia-smi` huiamsha, na unapima tatizo ulilolitengeneza.

Mpishi mmoja tu jikoni

Sasa programu za kuokoa. Ubuntu inakuja na power-profiles-daemon, ndiyo inayokupa yale machaguo matatu ya nguvu kwenye menyu. Fedora tangu toleo la 41 inatumia tuned kwa kazi hiyohiyo. TLP ni ya kujiongezea mwenyewe, na ina vifungo vingi zaidi. Yoyote kati ya hizi inafaa. Zikiwekwa mbili kwa pamoja zinagombana: moja inashusha kasi, nyingine inaipandisha, na wewe unaona mashine ambayo leo iko hivi na kesho iko vile. Ukichagua TLP, ondoa power-profiles-daemon. *thermald* haihesabiki kama mshindani. Yenyewe hulinda prosesa za Intel zisizidi joto, iache.

Amri ya `powertop --auto-tune` inapendekezwa kila kona. Inawalaza vifaa vyote kwa mkupuo, ikiwemo mausi ya USB, na hapo kishale kinaganda kila ukiacha kukigusa kidogo. Mabadiliko yake hufutika ukizima mashine, kwa hiyo kuijaribu hakuna hasara, ila kuitegemea ni kazi bure.

Kama joto linakusumbua kuliko kasi, zima turbo, yaani kasi ya ziada ya prosesa:

`echo 1 | sudo tee /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo`

Prosesa ya baadhi ya T470, i5-7300U, hupanda hadi gigahezi 3.5 ikiwa na turbo. Bila turbo inaishia 2.6. Kuandika, kusoma na kuvinjari hutaona tofauti kubwa. Feni ndiyo itakayokushukuru.

Joto ambalo programu hailiwezi

Mfumo endeshi unaweza kupunguza joto linalozalishwa. Kulitoa nje ni kazi ya feni, mapezi ya shaba na pesti ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa, na hapo Linux na Windows hazina tofauti. Joto la chumba nalo lina neno lake. Laptopu haiwezi kupoa chini ya hewa inayovuta, kwa hiyo mashine inayotulia kwenye nyuzi 45 Nairobi kukiwa na nyuzi 24 itatulia kwenye 53 hivi Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Februari, hewa ikiwa 32. Huo si ugonjwa.

Ili kujua ugonjwa, sakinisha `lm-sensors` na `stress-ng`. Acha `watch sensors` ikiwa wazi kwenye dirisha moja, na kwenye jingine andika `stress-ng --cpu 4 --timeout 120s`. Usiangalie tu namba ya mwisho, angalia mwendo wake. Joto likiruka kutoka 50 hadi 97 ndani ya sekunde chache, joto halivuki kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye shaba: pesti imekauka au kibanio hakijakaza. Likipanda taratibu kwa dakika nzima na zaidi hadi kufika huko, shaba inapokea vizuri ila hewa haipiti: vumbi limeziba mapezi. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zina kikomo cha nyuzi 100, na zikikikaribia hujipunguza kasi zenyewe. `journalctl -k | grep -i throttl` itakuonyesha kama zimefanya hivyo.

Kusafisha si kazi ngumu, ila kuna mambo mawili yanayoharibu mashine. Kwanza, watu hupuliza hewa ya nguvu huku feni ikizunguka ovyo; beringi zinakufa. Zima, toa betri au chomoa waya wake, zuia feni kwa kijiti cha meno, ndipo upulize. Pili, pesti. Futa ya zamani kwa spiriti safi ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, weka mpya kiasi cha punje ya dengu, kaza skrubu kwa mpangilio wa namba zilizochapwa pembeni mwake. Ukikuta vipande laini kama mpira kwenye chipu nyingine, usivibadilishe kwa pesti. Vile vinajaza nafasi ya milimita nzima au nusu yake, na pesti haifiki.

Kuna na hii, inayopoteza siku nyingi za watu: mashine inayokuwa nzito *ikichomekwa*, na nyepesi ikiwa kwenye betri. Hiyo si joto. Laptopu za Dell huitambua chaja yake kupitia waya mdogo wa katikati. Ikiwa chaja ni ya bandia au waya huo umekatika, mashine inajibana kwa makusudi na mara nyingi haichaji. Badilisha chaja kabla hujafuta mfumo.

Laptopu inayochemka ndani ya begi

Umefunga kifuniko asilimia 80, umefika nyumbani asilimia 30 na begi lina joto. Andika `cat /sys/power/mem_sleep`. Neno lililo kwenye mabano ndilo usingizi unaotumika. *s2idle* ni usingizi mwepesi, kila kitu kimesimama lakini mashine haijazimika; *deep* huacha RAM tu ikiwa na umeme. Ikiwa yote mawili yapo kwenye orodha, ongeza `mem_sleep_default=deep` kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ndani ya `/etc/default/grub`, kisha `sudo update-grub`. Laptopu nyingi mpya, hasa tangu Intel ya kizazi cha 11, hazina deep kabisa, na huwezi kuzilazimisha. Njia nyingine, ya kuhifadhi kilichomo kwenye RAM ndani ya diski kisha mashine ikazimika (hibernate), inahitaji nafasi ya swap, sehemu ya diski inayosaidia RAM, isiyopungua RAM kwa usalama, na Ubuntu na Fedora hukuzuia ikiwa Secure Boot, ulinzi wa wakati mashine inawaka, imewashwa. Kwa mashine kama hizo, kabla ya safari ya Dar hadi Dodoma, zima kabisa.

Kikomo cha chaji mahali umeme unapokatika

Betri za lithiamu huzeeka haraka zikikaa zimejaa huku zina joto, na hiyo ndiyo hali ya laptopu iliyochomekwa kutwa kwenye meza ya ofisi. Kuichaji masaa nane siku ya kwanza, au kuiacha iishe kabisa kila wiki, ni ushauri uliobaki kutoka betri za nikeli za zamani. Kwa lithiamu, kuimaliza hadi sifuri kunaidhuru. Kinachosaidia ni kuizuia isijae. Kwenye TLP fungua `/etc/tlp.conf` uweke:

`START_CHARGE_THRESH_BAT0=75`
`STOP_CHARGE_THRESH_BAT0=80`

Mwenye betri mbili arudie na BAT1. Wenye GNOME (madirisha na menyu za Linux) toleo la 48 na kuendelea wana swichi yake kwenye mipangilio ya nguvu, mradi mashine inakubali. ThinkPad hukubali vizuri, nyingine inategemea.

Wanaoandika ushauri huu wengi wanaishi mahali umeme haukatiki. Betri iliyochoka ikizuiwa asilimia 80 inaweza kukuacha na saa moja tu siku ya mgao. Kwa hiyo kikomo kiwepo siku za kawaida, na tangazo la matengenezo ya laini likitoka, usiku wake andika `sudo tlp fullcharge BAT0`. Inajaza mara hiyo tu, kisha kikomo kinarudi ukiwasha mashine upya.